Kengele ya Mlango wa Mbele

Mimi ni mwoga, na naliweka hili mwanzoni ili mtu asije akanidai ushujaa huko mbele. Nimefundisha hesabu zaidi ya miaka ishirini. Nimewakaripia watoto wa wakubwa wa migodi baba zao wakisikia. Lakini mtu akigonga mlango kwa nguvu, natafuta pa kujificha. Mama yangu ni hivyo hivyo, ila yeye ana haki kuliko mimi. Ndiyo maana mwaka ule tulihangaika karibu mwezi mzima, watu wazima wawili wenye akili zao, kwa sababu ya kengele.

Nyumba yetu ya Kolwezi ina milango mitatu. Wa mbele ni wa chuma na unatazama barabara ya malori ya madini, kwa hiyo haujawahi kukosa vumbi. Wa ubavuni ni wa chumba kilichokuwa cha mpangaji. Wa nyuma ni wa jikoni, nao unatokea kwenye lupango, ndivyo tunavyouita ua wa nyumba huku kwetu, kisha kuna kilango cha mabati na kichochoro. Sisi hupita jikoni. Ndugu, majirani, mwanamke wa sombe, yale majani ya muhogo, muuza mkaa tunaouita makala, wote hupita jikoni na kuita odi. Anayegonga mbele ni mtu asiyetujua, na sisi hatumjui yeye.

Desturi hiyo tuliitoa kwenye nyumba za kampuni ya migodi kule Musonoi nilikozaliwa. Kwenye kampo ile mlango wa mbele ulifunguliwa kwa padri, kwa kapita, msimamizi wa kazi, aliyeleta habari ya ajali, na kwa polisi. Watu wa kawaida walizunguka nyuma. Hata mwanamke aliyekuja kuomba chumvi akipita mbele, watu walimwuliza nani amekufa. Mama amekaa katika nyumba nyingi tangu wakati huo, na kote ameishi hivyo.

Basi siku moja, msimu wa mvua, nilitoka shuleni saa nane mchana na kukuta kichochoro kimegeuka mto. Maji yalikuwa yanapita na mapipa ya watu. Nilikuwa na viatu vipya na hasira ya siku nzima, nikasema potelea mbali, leo napita mbele. Ufunguo wa mbele sikuwa nao, huwa situmii. Nikagonga. Nikagonga tena kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Niliita, "Mama, ni miye!" mpaka koo likakauka. Hakuna.

Nilijua yuko ndani. Ana presha, na daktari alikuwa amenionya asiachwe peke yake muda mrefu, onyo zuri sana kwa mtu asiyelazimika kwenda kazini. Nilisimama pale karibu saa nzima nikimwona akilini mwangu amelala sakafuni, mdomo umepinda. Mwishowe nilivua viatu nikazunguka, maji yakifika magotini, nikafika jikoni na kusema odi, odi ya kawaida, wala si kwa kelele. Mlango ulifunguka papo hapo.

Alikuwa amevaa koti. Furushi lake, lile ambalo hulala chini ya kitanda likiwa na vikwembe viwili vya kujifunga, kadi za ubatizo na sufuria ndogo, lilikuwa tayari mgongoni.

"Mwana wangu, bamefika," alininong'oneza. "Beko ku mulango ya mbele. Banagonga sana."

"Mama, ile ilikuwa miye."

"Hapana. Wewe hauingiake ku mbele."

Nilimvua furushi. Mikono yake ilikuwa baridi na mapigo ya moyo yalionekana shingoni. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Miezi hiyo katika mtaa wa jirani watu walikuwa wamewekewa alama za rangi ukutani kwa sababu mgodi ulihitaji ardhi, na kila mmoja alikuwa anajiuliza rangi itafika wapi. Mimi mwenyewe kila jioni nilikuwa naangalia ukuta wetu kabla ya kuingia. Sasa ningemcheka kwa lipi? Nilimpa chai, nikaamua: tunaweka kengele. Kila mlango na sauti yake, ili mama ajue nani yuko wapi bila kusikia ngumi. Na taa ya kuwaka, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii kabisa.

Kengele ya waya tuliikataa mara moja. Kuta zetu ni za matofali ya zamani, na fundi wa kuzitoboa ningelazimika kumwingiza ndani na nyundo, mama akiwepo. Nilikwenda mjini kwenye kibanda cha mtu anayeuza chaja na redio. Alinitolea pakiti yenye kifaa kimoja cha kuchomeka ukutani na vibonyezo viwili.

"Haina na fil, haina waya hata moja, mama," alisema. "Unabandika tu, inalia."

"Miye niko na milango tatu."

"Ule wa tatu bafunge."

Jibu hilo lingetosha kunitoa pale, lakini nilikuwa na haraka. Nikanunua. Ubavuni nilisukuma kabati mlangoni, nikabandika kibonyezo kimoja jikoni na kimoja kwenye chuma cha mlango wa mbele. Cha jikoni kililia vizuri. Cha mbele kilikataa mpaka nilipokihamishia kwenye fremu ya mbao, maana chuma kinameza mawimbi, jambo ambalo mwalimu wa hesabu angeweza kulijua kama angetulia. Mama alikaa kwenye kiti akitazama kile kifaa cheupe bila kukipenda.

Siku ya pili nilikuwa nyumbani, nasahihisha madaftari. Kengele ikalia sauti ya mbele. Mama aliganda. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikasikiliza, nikafungua kidogo. Hakuna mtu. Barabara tupu, lori moja mbali. Nilifunga. Kabla sijakaa, ikalia tena.

Nitasema ukweli: nilizima redio, nikamshika mama mkono, tukaenda kukaa chini kwenye ukumbi mwembamba kati ya vyumba, mahali pasipo na dirisha. Saa nne asubuhi, jua linawaka, mwalimu mzima. Ililia mara tano. Kila ilipolia, taa yake iliwaka ukutani na mama alinibana vidole. Mara ya sita nilitambaa nikachungulia dirishani, na nikamwona mtu akiwa amesimama kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, kidole chake kwenye kibonyezo cheupe kama chetu. Akabonyeza. Kwetu ikalia.

Walikuwa wamenunua pale pale, pakiti ile ile, na vifaa vyote vilizaliwa na namba moja. Kila mgonjwa wa malaria aliyetaka dawa alikuwa anagonga kwetu. Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama mlango wa mbele, na nilijua anatazama mlango gani hasa, kwa sababu na mimi nilikuwa nautazama huo huo.

Nilikuwa na miaka tisa, bado tuko Musonoi. Babu zetu waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba, baba yangu alizaliwa hapa, alikuwa karani kwenye stoo ya kampuni. Halafu mitambo ikaanza kusimama mmoja baada ya mwingine, mishahara ikachelewa, na wanasiasa wakawapa watu jibu: ni hawa wa Kasai. Tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Nyumba zikaanza kuondolewa watu, mstari kwa mstari. Baba alikuwa amekwenda stesheni kutafuta nafasi kwenye treni, siku ya pili hajarudi. Ndani tulikuwa mimi na mama.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi rafiki wa mama, mwanamke kutoka kaskazini ya Katanga, mkoa wetu huu huu. Kwa hiyo yeye hakuguswa. Alikuwa mshonaji, na kile kikofia cha chuma ambacho washonaji huvaa kidoleni hakukivua kutwa. Alikuwa anaingia jikoni kwetu, anagonga kifuniko cha sufuria kwa kidole hicho, anasema, "Leo munapika nini, njaa inaniua," hata kama ametoka kula. Ndala zake zilikuwa za plastiki nyekundu, na moja ilikuwa imekatika ukanda akaushona kwa kitambaa cha buluu. Tulimtania sana kwa ndala ile.

Mchana ule tulisikia sauti za vijana kwenye kichochoro cha nyuma. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanazungumza tu, kama watu wanaongoja basi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kisha kitu kikagonga mlango wa mbele. Mara tatu, taratibu, kavu.

Mama alisimama. Aliufikia mlango, mkono kwenye komeo, akasita. Akanigeukia. "Angalia chini," aliniambia. "Ni nani?"

Nililala kifudifudi nikachungulia kwenye mwanya chini ya mlango. Niliona ndala nyekundu na kitambaa cha buluu.

Nimejitetea kwa miaka mingi na kila utetezi una tobo. Nilikuwa nimesikia watu wakisema majirani wenyewe ndio wanaoonyesha nyumba. Nilikuwa nimesikia kwamba wanatumwa wagonge ili ufungue. Tena, kwa nini apite mbele? Yeye hakuwahi kupita mbele hata siku moja. Anayepita mbele ni mtu wa balaa. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nilisimama nikamshika mama kikwembe. Nikasema ni wale vijana: "Ni bao, mama. Usifungule."

Ikagongwa tena mara tatu. Kisha ndala zikaondoka, nilizisikia zikipigapiga nyayo zake. Mama aliondoa mkono kwenye komeo. Baada ya muda sauti za nyuma zilinyamaza, akasema tukimbie, na tukapita mlango tuliouamini. Wale vijana walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya jikoni. Na wao walizaliwa kampo, walijua watu wa kampo hutokea wapi. Mmoja alimpiga mama kwa ubao upande wa kushoto wa kichwa. Damu ilitoka sikioni ikashuka mpaka kwenye blauzi yake nyeupe.

Siku chache baadaye, stesheni tulikokimbilia na kumkuta baba, katikati ya maelfu ya watu na masanduku yao, yule mshonaji alitutafuta mpaka akatupata. Alibeba bukari, ugali wetu, na sombe kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Alipoona bandeji ya mama alilia. "Niligonga ku mbele," alisema. "Bale balikuwa beko nyuma. Nilitaka kubapitisha ninyi kwangu. Nilishindwa kuita odi, bangenisikia. Juu ya nini hamukufungula?"

Mama alimjibu, "Tulizani ni bao."

Mimi nilikula bukari yake. Nilikuwa na njaa, nikala yote, wala sikuinua macho.

Hatukumwona tena. Treni ilitupeleka Kasai, nchi ambayo baba aliiita kwetu na hakuwa ameiona, na huko ndiko alikozikwa. Miaka mingi baadaye nilipata kazi huku nikarudi na mama. Mstari wetu wa nyumba kule Musonoi haukuwepo. Shimo la mgodi lilikuwa limeufikia. Mshonaji alikuwa amehamia Kasaji na mumewe, na tulipouliza habari zake tuliambiwa amekwisha kufariki. Nilipata aibu kwa jinsi nilivyopumua niliposikia hivyo. Hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza aliona nini msichana yule chini ya mlango.

Basi kengele ya kwanza niliirudisha, tukagombana na yule wa kibanda mpaka watu wakasimama, akachukua. Kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme nilikuta mzee mtaratibu aliyenikalisha na kuniuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa tangu mwanzo.

"Kule kwenu kuran, umeme, inakatikaka?"

"Kila siku, papa."

"Basi usichukue ya kuchomeka. Chukua ya ba pile, ya betri. Mulango ngapi?"

"Tatu."

"Nani anasikiliza?"

Nikamweleza kuhusu mama. Alifikiri, akaenda nyuma, akarudi na seti yenye vibonyezo vitatu na vipokezi viwili vya kutumia betri, kimoja cha jikoni na kimoja cha chumbani kwa mama, vyenye taa kali. Vibonyezo vyenyewe havikuhitaji betri. Nguvu ya kidole ilivitosha. Alinionyesha jinsi kila kibonyezo kinavyofundishwa kuvijua vipokezi vyake, ili kengele ya mtu mwingine isije ikaliza yetu. Na kulikuwa na milio hamsini na kitu, mlango wowote upewe mlio wowote.

"Mama mwenyewe achague," alisema. "Akichagua yeye, hataogopa."

Jioni ile tulikaa mezani tukaisikiliza milio yote. Kwa jikoni mama alichagua ndege. Kwa ubavuni alichagua kitu cha kanisani. Kwa mbele nilimshauri ule mkubwa, wenye kupanda na kushuka, ambao hata sikio bovu lingeusikia. Alikataa. Aliniambia nirudi nyuma, nirudi tena, mpaka tukafika kwenye mlio ambao nilikuwa nimeupita bila kuujali: mipigo mitatu mikavu, ya chuma, midogo.

"Hii," alisema.

"Mama, hii hautaisikia. Haina hata nguvu."

"Nitaisikia."

"Juu ya nini hii?"

"Weka hii."

Nilinung'unika. Nilisema ni kengele ya bure, bora ningenunua viatu. Na mimi, ninayejifanya mjuzi wa kila kitu, sikuelewa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kila kitu kimebandikwa, cha mbele kwenye mbao, kabati limeondolewa mlango wa ubavuni. Nilimkalisha mama chumbani, nikamwambia nitazunguka milango yote, naye afungue kila utakaolia. Jikoni alifungua kabla sijatoa kidole. Ubavuni alifungua. Nikaenda mbele.

Nilisimama kwenye kibaraza nikiwa na vumbi la malori mgongoni, nikabonyeza. Kwa mbali, ndani, nilisikia ile mipigo mitatu. Mlango haukufunguka. Nilijua anajua ni mimi, tulikuwa tumepanga. Hata hivyo sikuweza kungoja. Nilibonyeza tena. Nilisikia kandambili zake zikija ukumbini, polepole, zikakaribia, zikasimama nyuma ya mlango. Komeo halikugusika. Nilikuwa nimesimama kama alivyokuwa amesimama yule mshonaji, naomba kwa moyo wangu wote, fungua, tafadhali fungua, na nikaogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

Kisha nilisikia magoti yake yakilia. Alikuwa anainama. Mwanamke wa miaka themanini kasoro, mwenye presha, alikuwa analala chini kuchungulia miguu yangu. Sikuthubutu kuisogeza. Baada ya muda mrefu komeo likavutwa.

Alikuwa amekaa sakafuni, amejishikilia kwenye mlango.

"Nimeona miguu yako," alisema. "Iko inaonekana muzuri. Hata kitambaa kidogo, mutu angekiona."

Nikakaa kwenye kizingiti, miguu nje.

"Nilimuona," nilisema. "Nilimuona yeye, mama. Ndala yake. Nilikudanganya."

Nilimwambia nikiwa upande wake wa kulia, unaosikia. Lori lilipita. Alisubiri liende.

"Nilisikia ile chuma ya kidole yake," alisema. "Mara tatu, vile alikuwa anapigaka sufuria yangu. Nilijua ni yeye hata mbele ya wewe kulala chini."

"Basi juu ya nini uliniuliza?"

"Niliogopa. Bangemukuta nasi, bangetuua sisi bote. Nilitaka mutu aseme hapana. Uliposema ni bao, nilishukuru Mungu." Alinitazama usoni. "Mutoto wa miaka tisa. Nikakutwika ile muzigo."

Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Nililia kidogo, na nilikasirika naye pia, kwa miaka yote ile, na hasira hiyo bado iko, haijaisha yote. Yeye alinyoosha mkono niinuke nimwinue.

Furushi bado liko chini ya kitanda, na rangi za ukutani hazijafika kwetu. Lakini siku hizi nikitoka kazini sipiti jikoni. Napita mbele, ingawa ni mzunguko, na ingawa ufunguo ninao. Nabonyeza mara moja, narudi hatua moja ili miguu yangu ionekane, na nasubiri kwa hofu mpaka komeo livutwe.